Posho ya Berlin: mzazi wa Tabora apige hesabu kabla ya kuuza gari

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MALI bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa mkoa huu wanaijua methali hiyo, na wengi wanaifuata wanaponunua asali, tumbaku, mchele au karanga. Lakini daftari hilo hilo hufungwa na kuwekwa kabatini siku mtoto anapopata nafasi ya kusoma Ulaya. Siku hiyo ni shangwe, simu kwa ndugu wote, na baada ya hapo ni kuuza: ng'ombe, kiwanja, mashine ya kusaga, hata gari linalolisha nyumba nzima.

Wiki hii, ndugu msomaji, ukurasa huu unaziacha kidogo bei za mazao ili tupige hesabu ya safari moja ndefu. Sababu ni mama mmoja, mnunuzi wa asali kutoka Sikonge, aliyefika mezani kwetu na bahasha mkononi. Ametuomba tusitaje jina lake. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo kikuu cha umma mjini Berlin, Ujerumani, ikimpa binti yake nafasi ya kuanza masomo muhula wa Aprili.

"Mwanangu," alisema, "nina Fuso moja. Mnunuzi yupo, ananipa milioni arobaini. Nikiuza, si zinatosha?"

Tulimjibu: "Mama, zinakaribia kutosha kufungua mlango. Kukaa ndani ni hesabu nyingine."

Hesabu hiyo ndiyo tunayoiweka hapa, kwa kuwa tunajua hayuko peke yake.

WAZEE WA NJIA WALIVYOHESABU

Tabora si mji unaopaswa kufundishwa hesabu ya safari. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kila msafara ulilazimika kujibu maswali mawili kabla ya kuondoka pwani: watu watakula nini kila siku, na chakula hicho kitalipwa kwa kitu gani.

Chakula cha kila siku kiliitwa posho, na neno hilo tunalo hadi leo. Ushuru uliotozwa na watawala wa njiani, hasa Ugogo, uliitwa hongo. Wakati ule halikuwa neno la aibu kama lilivyo sasa. Lilikuwa gharama ya kawaida ya njia, na aliyeisahau kwenye hesabu yake alikwama.

Mfano mzuri ni wa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Dakta Livingstone. Alipofika Unguja mwaka 1871 hakujua hata aanzie wapi. Akawauliza wafanyabiashara wazoefu wa njia ya bara, naye akaambiwa kwamba doti 10 za nguo, yaani yadi 40, hutosha kununua chakula cha watu 100 kwa siku moja. Kwa kipimo hicho alihesabu kwamba atahitaji yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi mbalimbali.

Jumlisha mwenyewe, msomaji: ni yadi 29,200. Gawa kwa 40, utapata siku 730, yaani miaka miwili kamili. Safari yenyewe kutoka Bagamoyo na kurudi ilimchukua takriban miezi 14, kuanzia Machi 1871 hadi Mei 1872. Ile miezi iliyobaki ndiyo iliyokuwa akiba yake, na aliihitaji. Alipofika Unyanyembe alikuta vita vya Mtemi Mirambo vimeifunga njia ya kawaida ya Ujiji, akalazimika kuzunguka kusini. Hata hivyo hakuishiwa. Aliporudi Kwihara mwaka 1872 bado alikuwa na mizigo ya kumwachia Livingstone.

Livingstone mwenyewe ni mfano wa upande wa pili. Alipoingia Ujiji Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa zote na wakala aliyekabidhiwa. Bidhaa zilitumwa kweli, lakini hazikumfikia mlengwa. Mzazi anayetuma fedha Ulaya kwa mkono wa rafiki wa rafiki, bila stakabadhi, aukumbuke mfano huo.

Kuna na somo la tatu, ambalo ni la sarafu. Shanga zilitumika kama fedha, lakini hazikupokelewa sawa kila mahali. Shanga nyekundu, zilizoitwa samesame, zilipendwa Unyamwezi. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine zilikataliwa. Msafiri aliyebeba shanga zisizotakiwa alikuwa tajiri kwenye daftari na maskini sokoni. Leo shanga zetu zinaitwa shilingi na zao zinaitwa euro.

KWA NINI BERLIN

Uhusiano wa mkoa huu na Berlin ni wa zamani, na haukuwa wa heri wakati wote. Ni Wajerumani walioileta reli ya kati, na ni katika karakana ya reli hapa Tabora ambako mwaka 1916, walipozingirwa na vita, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Aliyekuwa na sarafu ya tembo alibaki na dhahabu yake. Aliyekuwa na noti za dharura alibaki na ahadi ya serikali iliyoondoka.

Waswahili nao walikaa Berlin zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, mwanzo wa njia yetu ya misafara, alikwenda kufundisha Kiswahili huko mwaka 1900. Ndiye mwandishi wa kazi inayojulikana kwa jina la Desturi za Waswahili, iliyochapishwa mwaka 1903. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipotaka kushuka Dar es Salaam watawala wa kikoloni waliwakatalia wakarudishwa. Akaishi Ujerumani kwa kutoa mihadhara hadi kufa kwake mwaka 1927. Mwingine, Bayume Mohamed Husen wa Dar es Salaam, alifika Berlin mwaka 1929 kudai malipo ya askari, yake na ya marehemu baba yake. Dai lilikataliwa. Akawa mhudumu wa mkahawa na msaidizi wa kufundisha Kiswahili, na mwaka 1944 alifia katika kambi ya Sachsenhausen, chini ya utawala wa Hitler.

Tunawataja si kwa kutisha watu. Berlin ya leo siyo ile, na katika mtaa wa Wedding barabara moja ilipewa jina la Maji Maji mwaka 2024. Tunawataja kwa sababu wote wawili walijifunza jambo ambalo mzazi wa leo analipuuza: katika mji wa ugenini, fedha unayotarajia kupata si fedha uliyonayo.

MLANGO: FEDHA ZA KUONYESHA

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mwanafunzi anayetoka Tanzania kwenda Ujerumani anatakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kujilisha kwa mwaka mmoja. Njia inayotumika sana ni akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Kabla ya hapo kilikuwa euro 11,208. Maana yake ni kwamba kiwango hupanda, hivyo mzazi aulize ubalozi wao Dar es Salaam kabla ya kutuma, wala asitegemee habari za mtoto wa jirani aliyekwenda zamani.

Fedha hizo huwekwa zote kabla ya viza. Mwanafunzi akishafika na kufungua akaunti ya kawaida, hupewa kiasi cha mwezi tu. Hawezi kuzitoa zote kwa mpigo, na huo ni ulinzi mzuri.

Kwa kurahisisha, katika makala haya tunahesabu euro 1 kwa shilingi 3,000. Msomaji aweke kiwango cha siku anayofanya hesabu yake. Kwa kiwango chetu, euro 11,904 ni shilingi 35,712,000. Euro ikipanda hadi shilingi 3,200, mzigo unaongezeka kwa shilingi 2,380,800 bila mtu yeyote kula chochote. Waliokuwa wakitafuta dola mwaka 2023 na 2024, zilipoadimika nchini, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kosa la kwanza la wazazi wengi ni kudhani kwamba fedha za kuonyesha ndizo gharama zote. Sivyo. Hizo ni posho. Bado kuna hongo za njiani.

HONGO ZA NJIANI

Viza ya muda mrefu ni euro 75. Kuna nauli ya ndege, ambayo tumeiwekea shilingi milioni 3 kwa makisio. Kisha kuna kile tunachokiita fungu la kuanzia, kwa sababu akaunti iliyofungwa hailipi siku ile ile mtoto anaposhuka uwanjani. Kwanza apate mahali pa kukaa, ajiandikishe kwa serikali ya mtaa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, afungue akaunti ya benki, ndipo fedha zianze kuteremka. Siku hizo zote tumbo halisubiri.

Fungu la kuanzia tulilomwandikia mama wa Sikonge ni hili:

Kodi ya mwezi wa kwanza, bweni la wanafunzi: euro 350
Dhamana ya chumba: euro 700
Ada ya muhula: euro 320
Matandiko, koti na viatu vya baridi: euro 250
Chakula na matumizi ya wiki za mwanzo: euro 250
Jumla: euro 1,870, sawa na shilingi 5,610,000

Hapa tufafanue mawili. Dhamana ni fedha anayoshika mwenye nyumba hadi mpangaji atoke. Sheria ya Ujerumani inaizuia isizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na inaruhusu ilipwe kwa mafungu matatu. Inarudi, lakini hairudi leo. Ada ya muhula si karo. Vyuo vya umma vya Berlin havitozi karo kwa kozi nyingi, ila kila muhula kuna mchango wa euro mia tatu na ushee, ambao ndani yake mna tiketi ya treni na mabasi.

Jumla ya mwaka wa kwanza basi ni hii: akaunti shilingi 35,712,000, fungu la kuanzia 5,610,000, nauli 3,000,000, viza 225,000. Inakuwa shilingi 44,547,000.

Mama aliliangalia daftari muda mrefu. "Kwa hiyo Fuso halitoshi," alisema.

Halitoshi kwa shilingi 4,547,000. Nalo ndilo gari lenyewe.

POSHO YA MWEZI

Mwanafunzi akishatulia, euro 992 zinaweza kumtosha kwa mwezi, ikiwa amepata bweni la wanafunzi. Makisio yetu ni haya:

Kodi pamoja na joto na maji: euro 350
Bima ya afya: euro 140
Chakula: euro 220
Ada ya muhula kwa mwezi: euro 55
Simu na intaneti: euro 20
Ada ya redio na televisheni: euro 18
Nguo na viatu: euro 40
Vitabu, sabuni na mengineyo: euro 40
Akiba ya dharura: euro 60
Jumla: euro 943. Zinabaki euro 49.

Bima ya afya ni lazima. Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 katika bima za umma ilikuwa karibu euro 140 kwa mwezi mwaka 2025. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hulipwa kwa kila nyumba hata kama hakuna televisheni. Wageni wengi huipuuza barua yake wakidhani ni matangazo, halafu deni linalimbikizwa. Wanaokaa pamoja katika nyumba moja hulipa moja na kugawana.

Sasa tubadilishe mstari mmoja tu. Bweni limekosekana, na kukosekana ni jambo la kawaida kwa kuwa waombaji ni wengi na orodha ni ndefu. Mwanafunzi anapanga chumba katika nyumba ya kushirikiana na wenzake. Mwaka 2024 chumba cha namna hiyo mjini Berlin kilifikia kama euro 650. Mistari mingine ikibaki vile vile, jumla inakuwa euro 1,243. Upungufu ni euro 251 kila mwezi, yaani euro 3,012 kwa mwaka, sawa na shilingi 9,036,000.

Hivyo basi, jambo linaloamua hesabu ya Berlin ni chumba, wala si mkate. Mwanafunzi anayeomba bweni siku ile ile anayopata barua ya chuo anaokoa fedha nyingi kuliko yule atakayekula mkate mkavu mwaka mzima. Aidha, akiulizwa bei ya chumba aulize ni kodi ya baridi au ya joto. Kodi ya baridi ni ya kuta peke yake. Ya joto imejumlisha kupasha nyumba, maji na huduma nyingine. Katika nchi ambayo mwezi Januari barafu hulala barabarani, tofauti hiyo si ndogo.

MAMBO MADOGO YANAYOOKOA EURO

Wakazi wenyeji wa Berlin nao hubana matumizi, na hawaoni haya. Maduka ya bei nafuu kama Aldi, Lidl na Netto ndiyo ya kununulia chakula cha wiki. Mengi hufungwa Jumapili, hivyo aliyesahau Jumamosi atanunua kwa bei ya juu stesheni. Maji ya bomba hunyweka. Chupa nyingi za plastiki hulipiwa senti 25 juu ya bei, na fedha hiyo hurudishwa ukizirejesha dukani. Mkahawa wa chuo huuza chakula cha mchana kwa bei ya wanafunzi. Unga wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika, lakini aliyezoea kununua kwa debe hapa Tabora asitarajie bei ya Tabora. Viazi, mchele na maharage ndivyo rafiki wa mfuko.

Tena mwanafunzi asibadilishe kila bei kuwa shilingi kichwani. Akifanya hivyo mkate utaonekana wa dhahabu, atalala njaa wiki ya kwanza na kutapanya wiki ya pili. Ajiwekee posho ya wiki kwa euro, kama msafara ulivyogawa nguo na shanga, na fungu la wiki ijayo lisiguswe.

KAZI YA ZIADA SI MTAJI

Wapo wanaosema, "Atafanya kazi huko, atajilipia." Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, tangu Machi 2024. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na kiliwekwa kupanda hadi 13.90 Januari 2026. Kwa saa 10 za wiki, kwa kiwango cha 2025, ni kama euro 513 kwa wiki nne.

Ni fedha ya maana. Lakini ni ya nani anayeipata? Ni ya yule aliyekwisha kuijua lugha, mtaa na ratiba ya masomo. Mwanafunzi mpya asiyejua Kijerumani anaweza kukaa miezi bila kazi. Ushauri wetu ni kwamba miezi sita ya kwanza mstari wa kazi uandikwe sifuri. Akipata, iwe akiba.

Kuna pia njia ya ndugu anayeishi Ujerumani kumdhamini mwanafunzi kwa hati rasmi, badala ya akaunti iliyofungwa. Hati hiyo haina mzaha. Mdhamini anajifunga kisheria kwa miaka kulipa gharama zake endapo serikali italazimika kumsaidia. Anayemwomba shemeji yake aitie sahihi ajue anamwomba nini. Ufadhili nao upo, ukiwemo wa shirika la DAAD, ila maombi hufungwa mapema na waombaji ni wengi. Omba, lakini usiuhesabu kabla ya barua.

MWAKA WA PILI

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhesabu mwaka mmoja. Kibali cha kuishi kinapoisha, mwanafunzi hutakiwa tena kuonyesha kwamba ana uwezo wa kujilisha. Mzazi aliyeuza gari kulipia mwaka wa kwanza atauza nini mwaka wa pili?

Tulimwuliza mama Fuso linamletea nini. Alijibu kwamba baada ya mafuta, dereva, matairi na faini, linamwachia shilingi milioni moja na nusu kwa mwezi. Ni milioni 18 kwa mwaka. Akiliuza anapata milioni 40 mara moja, na anapoteza milioni 18 kila mwaka, mbali na kwamba atakodi gari la mtu kuleta asali yake mwenyewe mjini.

Tukafungua ukurasa mpya wa daftari. Ana kiwanja ambacho hakijajengwa. Amepewa bei ya milioni 15. Ana akiba ya msimu uliopita, milioni 9. Wajomba wawili wa binti wameahidi milioni 3 kila mmoja, nasi tulimshauri azipokee ndipo aziandike. Jumla ni milioni 30. Fuso likiendelea kufanya kazi miezi 10 na fedha yake isiguswe, inaongezeka milioni 15. Inakuwa milioni 45, nayo inatosha gharama za mwaka wa kwanza na kubakiza shilingi 453,000.

Mwaka wa pili Fuso lingali lake: milioni 18. Wajomba wakirudia, milioni 6. Binti akiwa amepata kazi ya euro 500 kwa mwezi kwa miezi 8, ni euro 4,000, sawa na milioni 12. Jumla milioni 36. Inapita kiwango cha akaunti kwa wembamba wa uzi, lakini inapita, na hapo faida ya asali ya msimu mpya haijaguswa.

Gharama ya mpango huu ni moja, nayo si ya fedha. Binti hawezi kwenda Aprili. Miezi 10 itamfikisha kwenye muhula wa Oktoba unaofuata, na haijulikani kama chuo kitamshikia nafasi. Huenda akaomba upya. Tulimwambia mama waziwazi kwamba hapo hakuna dhamana.

"Atalia," alisema mama.

Tulimshauri binti aandike chuoni mara moja kuuliza kama nafasi inaweza kusogezwa. Aombe bweni mapema. Na miezi hiyo yote aitumie kujifunza Kijerumani, kwa kuwa ndiyo itakayogeuza ule mstari wa kazi kutoka sifuri kuwa euro 500. Muda wa kungoja ukitumiwa hivyo ni mtaji. Ukitumiwa kulalamika ni hasara.

MUHTASARI KWA WAZAZI

Kwa wale wanaokata ukurasa huu na kuuweka:

Kwanza, tenganisha posho, hongo na akiba. Kila moja iwe na mstari wake.

Pili, hesabu kwa euro, halafu badili kwa shilingi kwa viwango viwili: cha leo na kingine kilicho juu zaidi. Kama mpango unavunjika kwa kiwango cha juu, mpango huo haujakamilika.

Tatu, unapotuma fedha uliza mambo mawili: kiwango cha kubadilisha na ada ya kutuma. Benki yenye ada ndogo yaweza kuwa na kiwango kibaya. Linganisha kiasi kitakachofika upande wa pili, na utunze stakabadhi.

Nne, chumba kabla ya tiketi.

Tano, usiuze kinachozaa kulipia kinacholiwa. Kiwanja kilichokaa bure kinaweza kuuzwa. Gari linaloleta milioni na nusu kila mwezi ndilo litakalomsomesha mtoto mwaka wa pili na wa tatu.

Mama wa Sikonge aliondoka na daftari lake. Siku ya nne alipiga simu. Mnunuzi wa Fuso ameambiwa asubiri gari lingine, na binti amekwisha kuandika chuoni, ingawa siku mbili hakusema na mama yake.

"Jana jioni kakaa mezani," alisema mama. "Kaniomba lile daftari. Anasema mstari wa nguo tumeuweka mdogo."

Huenda ni kweli. Bei za mazao tunarudi nazo wiki ijayo.